Msaada Uje na Mafuta ya Lori

Mmeniomba nizungumzie misaada ya nje na taka za miji yetu, na kama misaada hiyo inaweza kutusaidia kuzoa vizuri zaidi na kuzirudisha taka kiwandani na shambani badala ya kuzilundika. Naamini inaweza. Lakini kwa miaka karibu 40 sehemu kubwa ya misaada hiyo imepelekwa mahali pasipouma, na leo nataka kuwaonesha panapouma.

Nitaanza na Dar es Salaam, kwa kuwa historia ya taka zake imeandikwa hadi katika majalada ya mahakama. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mbele ya Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa likimwaga taka jirani na nyumba zao, na walichoshwa na moshi, nzi na harufu. Mahakama iliwapa haki. Jiji likaomba muda wa kutafuta mahali pengine, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Uamuzi ule bado unasomwa na wanafunzi wa sheria za mazingira. Malori yakageuzwa, yakaelekea Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi zaidi ya 700 wakafungua shauri lao, nao wakashinda. Taka zikapelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi zinakokwenda mpaka sasa. Kila palipofungwa, tatizo lilihamia kwa majirani wengine.

Sasa tazameni kilichokuwa kikitendeka upande wa misaada katika miaka ileile. Mwaka 1987 Serikali ya Japani iliipa Dar es Salaam malori 30 ya kuzolea taka. Yalikuwa malori mazuri, na watu waliyafurahia. Kufika mwaka 1992 mengi yake yalikuwa juu ya mawe, na jiji lilikuwa linazoa chini ya asilimia 5 ya taka zake. Maana yake ni kwamba katika kila ndoo 20 zilizojaa majumbani na sokoni, hata moja kamili haikufika dampo. Nyingine zote zilibaki mitaroni, kwenye mashimo ya uani, kandokando ya mto Msimbazi, au zilichomwa moto.

Nimewahi kusikia watu wakiwalaumu madereva kwa hali ile, na wengine wakiwalaumu Wajapani. Mimi siwalaumu hao wala hawa. Lori la taka halifanani na lori la mizigo. Husimama na kuondoka mara nyingi mno kwa siku, kwa hiyo klachi na breki huisha upesi. Maji ya taka yana chumvi na tindikali, hula bodi. Kule dampo matairi hukanyaga misumari na vioo. Taka zetu wenyewe zina mchanga mwingi unaotokana na kufagia uwanja, na mchanga huo huua haidroliki za malori ya kushindilia. Tena mashine hizo za kushindilia zilitengenezwa kwa ajili ya taka kavu za maboksi na makopo, wakati zetu ni maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na majani ya mboga: tayari ni nzito, tayari zimelowa. Baada ya miaka miwili au mitatu lori la namna hiyo linadai spea, na katika Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1980 spea zilitaka fedha za kigeni ambazo nchi yenyewe ilikuwa ikizihangaikia. Halmashauri isiyo na kifungu cha kutosha cha mafuta na matengenezo ikipewa malori 30, inakuwa imepewa deni la kila mwezi ambalo haijui italilipaje.

Hapo ndipo panapouma. Benki ya Dunia, katika tathmini yake kubwa ya taka duniani iliyotoka mwaka 2018, ilieleza kwamba asilimia 70 au zaidi ya fedha za kuhudumia taka huliwa na uendeshaji: mishahara, dizeli, matengenezo, usimamizi wa dampo. Katika nchi za kipato cha chini kazi hii peke yake huchukua takribani asilimia 20 ya bajeti ya halmashauri. Wahisani, kwa upande wao, hutoa vitu vya kununuliwa mara moja. Lori lina siku yake ya kukabidhiwa, shimo lina siku yake ya kuzinduliwa, ila dizeli ya Jumanne haina sherehe. Na hata hivyo vitu vya kununuliwa mara moja vimekuwa haba: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikokotoa kwamba kati ya mwaka 2003 na 2012 taka ngumu zilipata takribani asilimia 0.3 tu ya misaada yote ya maendeleo. Kipindupindu kinapozuka, fedha za dharura hupatikana. Mtaro ulioziba kwa taka, ambao ndio ulioanza kukilea kipindupindu hicho, hukosa mfadhili.

Kuna msaada mmoja wa miaka ile ambao ninausifu kwa moyo wote. Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ukisaidiwa na UNDP pamoja na UN-Habitat. Pamoja na kampeni ya dharura ya kuusafisha mji, mradi uliwakalisha pamoja watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja: maofisa wa jiji, wafanyabiashara, wenyeviti wa mitaa, vikundi vya akina mama. Mwaka 1994 kampuni binafsi ikapewa kuzoa kata za katikati ya mji. Kuanzia mwaka 1998, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, kazi ikagawiwa kwa wakandarasi wengi, na miongoni mwao vikundi vya mitaa vyenye mikokoteni na reki. Uzoaji ulipanda mara kadhaa kuliko ulivyokuwa mwaka 1992. Waliozoa walikuwa majirani wa wale wanaozolewa. Waliijua kila nyumba na kila kichochoro kisichopitika kwa gari.

Vikundi vile vilikwama wapi? Kwenye ada. Kikundi hupewa mtaa, huzoa, kisha chenyewe huenda mlango kwa mlango kudai malipo. Wanaolipa ni wachache. Fedha iliyopatikana hununua dizeli ya safari mbili pale palipohitajika safari nne, kwa hiyo kiroba kinakaa nje siku tano, mbwa wanakipasua, na yule aliyekuwa akilipa naye anaona hana sababu ya kuendelea. Ndugu zangu wa vikundi mnalijua hili kuliko mimi. Mwenye kuzoa amefanywa pia kuwa mtoza kodi asiye na mamlaka ya kutoza. Serikali imeshaonesha kwamba njia nyingine ipo: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo kupitia LUKU, yaani umeme wa malipo ya kabla. Ada ya taka nayo ingeweza kukusanywa kwa njia ya namna hiyo, mradi fedha zirudi katika mtaa uliozilipa, na zisifie katika akaunti ya mbali. Sharti hilo la mwisho ndilo zito, na waheshimiwa madiwani ndio wenye wajibu wa kulisimamia.

Tukishakubaliana kwamba panapouma ni uendeshaji, msaada unaofaa utakuwa wa sura gani? Wako waliojaribu. Nchini Nepal, mwaka 2013, ulianzishwa mpango wa dola milioni 4.3 kupitia Benki ya Dunia kwa ajili ya miji 5. Fedha hazikununua malori. Zilifidia pengo kati ya gharama halisi ya huduma na ada zilizokusanywa, na mji ulilipwa baada ya kuonesha kwamba umezoa na kwamba ada zinaingia. Wakazi wenyewe waliulizwa kama huduma imeboreka, na majibu yao yaliingizwa katika hesabu ya malipo. Kila mwaka fidia ilipungua kadiri ada zilivyotakiwa kupanda. Naona hekima kubwa hapa. Mhisani anakubali kwamba wananchi hawawezi kuanza kulipia huduma ambayo hawajaiona, kwa hiyo anaibeba huduma ile hadi waione, kisha anaondoka taratibu. Sijui kwa nini mpango wa namna hii haudaiwi na kila halmashauri yetu inapokaa na wafadhili.

Ziko pia hesabu ndogo zinazosahauliwa. Kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Pugu Kinyamwezi ni kilomita takribani 30, na mnaijua foleni ya Barabara ya Nyerere. Jiji hili linatajwa kuzalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku. Lori linalotumia saa tatu kwenda na kurudi haliwezi kumaliza mtaa, hata likiwa jipya kabisa. Vituo vya kuhamishia taka, mahali ambapo guta na mikokoteni humwaga na lori moja kubwa likabeba mara moja, vingepunguza safari hizo kuliko msafara mwingine wa malori madogo. Na mzani langoni mwa dampo, unaofanya kazi kila siku na wenye kitabu kinachosomwa na watu, ni msaada mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu bila tani zilizopimwa hakuna mkandarasi anayeweza kulipwa kwa haki wala diwani anayeweza kumhoji.

Nije sasa kwenye urejelezaji. Katika hotuba nyingi za wataalamu husemwa kwamba Afrika Mashariki inahitaji kuanza kurejeleza taka. Ndugu zangu, mbona watu wameanza siku nyingi! Chuma chakavu hakilali barabarani katika mji wowote wa nchi hii. Chupa za plastiki hukusanywa, hupimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa mtaani, huenda kwa mnunuzi mkubwa, husagwa, huuzwa viwandani au nje ya nchi. Kazi hiyo inafanywa na waokota makopo, wanawake kwa wanaume, alfajiri na jioni, bila glavu, bila bima, na mara nyingi kwa kutukanwa. Ikiwa kuna huduma ya mji inayoendeshwa bila senti ya bajeti, ni hiyo.

Na mara nyingi msaada ndio unaowaumiza. Dampo jipya huja na uzio na mlinzi. Wale waliokuwa wakiishi kwa kuokota hufungiwa nje, na chupa walizokuwa wakizitoa sasa zinafukiwa. Mji wa Pune, India, ulichagua vinginevyo. Waokota taka wake walikuwa na chama chao tangu mwaka 1993, na mwaka 2008 ushirika wao, SWaCH, uliingia mkataba na manispaa. Wanachama wanachukua taka mlangoni, kaya inawalipa ada, manispaa inawapa vifaa, na kinachouzika ni mali yao. Mhisani anayetaka kuongeza urejelezaji hapa kwetu angeanza kwa kuuliza nani tayari anafanya, kisha akajenga banda lenye kivuli, maji ya kunawa, mzani wa haki na choo. Angewasaidia kupata kitambulisho na mkataba. Kiwango cha urejelezaji kingepanda bila mtambo hata mmoja kutoka ng'ambo.

Lakini chupa si sehemu kubwa ya mzigo wetu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni zile zinazooza: mabaki ya jikoni na ya sokoni. Hizi ndizo zinazotoa harufu, zinazozalisha nzi, zinazolowesha kila kitu, na zikifukiwa bila hewa hutoa methani. Zikitengwa, zile zinazobaki ni kavu, nyepesi, na huuzika kwa bei nzuri zaidi kwa kuwa hazijachafuka. Ndiyo maana naupa umuhimu ushirikiano wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg, miji iliyofungamana kidugu tangu mwaka 2010. Moja ya matunda yake ni kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kilichojengwa kwa fedha za Ujerumani ili kuchakata hadi tani 50 kwa siku za taka za sokoni. Ukiziweka tani 50 pembeni ya tani 4,000 zinaonekana chache. Lakini soko ni mahali pazuri pa kuanzia: taka zake ni za aina moja, ziko mahali pamoja, na uongozi wa soko upo. Kinachohitaji kutiliwa nguvu ni upande wa pili, yaani nani atainunua mboji hiyo. Bustani za halmashauri, miche ya barabarani, wakulima wa mchicha wa mabondeni: hao wote wako karibu. Halmashauri inayonunua udongo wa bustani zake kwingine huku mboji yake imekaa ghalani inaua kiwanda chake kwa mikono yake.

Kwa sababu hiyohiyo ya unyevu, nawasihi muwe waangalifu mnapoletewa mitambo ya kuchoma taka ili kuzalisha umeme. Addis Ababa ilizindua mtambo wa Reppie mwaka 2018, kwa matumaini makubwa. Lakini taka zilizolowa huhitaji kwanza kukaushwa ndipo ziwake, na nishati ya kukaushia hutoka katika taka zilezile. Mji ambao nusu ya mzigo wake ni maganda na mboga haufai kuanza hapo. Katika dampo letu la Mtoni nako, mwaka 2007, mradi wa kuvuna gesi ya dampo ulisajiliwa chini ya Mkataba wa Kyoto, mwekezaji akiwa kampuni ya Kiitaliano. Dampo halikuwahi kujengwa kwa ajili ya kuhifadhi gesi, na gesi haikuja kama ilivyohesabiwa.

Kuhusu madampo yenyewe nitasema kwa uchungu. Tarehe 11 Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Mwezi uliofuata, Aprili 2017, serikali ya Japani na mashirika ya Umoja wa Mataifa walikutana na nchi za Afrika mjini Maputo, wakaanzisha Jukwaa la Miji Safi ya Afrika. Februari 2018, katika mji uleule wa Maputo, dampo la Hulene liliporomoka usiku wa mvua, likaua watu wasiopungua 16. Na tarehe 10 Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, ambako watu wapatao 35 walifukiwa. Kiteezi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia kama dampo la kisasa. Tafadhali lizingatieni hilo. Lilikuwa la kisasa siku ya kwanza. Baadaye likajaa, taka zikaendelea kupandishwa juu ya taka kwa miaka mingi, kwa sababu fedha za kulijenga zilikuwapo, na za kulitunza, kulifunika kwa udongo kila siku, na hatimaye kulifunga, hazikuwapo.

Nairobi inafundisha jambo jingine. Dampo lake la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na likatangazwa kujaa mwaka 2001. Wajapani waliandika mpango mkuu wa taka za jiji hilo mwaka 1998, ukaandikwa mwingine mwaka 2010. Eneo jipya la Ruai likapingwa na mamlaka za anga, kwa sababu ndege wanaofuata taka ni hatari kwa ndege za abiria. Julai 2021 mahakama ikaamuru Dandora ifungwe ndani ya miezi sita. Taka bado zinamwagwa pale. Wataalamu walikuja, mipango ikaandikwa vizuri, lakini suala la ardhi, ambalo haliwezi kuletwa na mhisani yeyote, halikumalizwa na wenyewe.

Hapa Tanzania, mradi wa miji ya kimkakati uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na msaada wa Denmark ulijenga madampo ya kisasa katika miji kadhaa, Chidaya kwa Dodoma, Muriet kwa Arusha na Buhongwa kwa Mwanza yakiwamo. Ni kazi nzuri. Swali langu kwa madiwani wa miji hiyo ni moja: je, bajeti ya mwaka huu ina kifungu cha udongo wa kufunika, cha dereva wa buldoza na cha kutibu maji machafu yanayochuruzika kutoka chini ya taka? Kama kifungu hakipo, tunajenga Kiteezi nyingine.

Ziko njia nafuu zaidi. Chuo Kikuu cha Fukuoka, pamoja na jiji la Fukuoka, miaka ya 1970 walibuni dampo linalopumua: mabomba yenye matundu yanalazwa chini juu ya mawe, maji machafu yanatoka, hewa inaingia, taka zinaoza haraka, na methani inapungua. Mabomba yanaweza kuwa mianzi, na mapipa ya zamani ya mafuta yanaweza kutumika kwa njia za hewa. Japani imelifundisha katika nchi nyingi, na Kaunti ya Kiambu nchini Kenya ni miongoni mwa walioanza kulitumia. Msaada huo unabaki, kwa kuwa fundi wa halmashauri akishaujua hahitaji kuagiza kitu.

Waheshimiwa madiwani, awamu ya pili ya mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam imeziweka taka ngumu ndani yake. Sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo, na watakaoulipa ni watoto wa watu walioketi humu. Kabla hamjapitisha mkataba wowote wa taka, daini jedwali la mwaka wa tano: nani atalipa dizeli, nani atalipa spea, nani ataajiri msimamizi wa mzani, ada itakusanywaje, na waokota makopo watakuwa wapi. Kama jedwali hilo halipo, rudisheni mkataba na muombe fedha zihamishwe kutoka kwenye vyombo ziende kwenye uendeshaji. Na ninyi wa vikundi vya usafi, nendeni kwenye vikao vya bajeti vya kata zenu mkiwa na hesabu zenu za safari na za dizeli mkononi, maana hakuna mtaalamu wa nje atakayezijua kuliko ninyi.